Kwa nini betri ya kitochi bado inauzwa Mwanjelwa

Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziwe na vipuri vitakavyoendelea kupatikana kwa angalau miaka 7 baada ya toleo husika kuacha kuuzwa. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, sheria nyingine ya hukohuko itataka betri za vifaa vingi vidogo ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Kabla ya hapo kampuni ya HMD ya Finland, iliyokuwa na leseni ya kutumia jina la Nokia, ilikwisha kurudisha sokoni majina mawili yaliyotamba zamani: 3310 mwaka 2017 na 3210 mwaka 2024. Habari hizi zikiunganishwa na vijana wa mijini wanaonunua tena simu za vitufe zenye tochi, yaani vitochi, jibu linalotolewa haraka ni kwamba watu wamezikumbuka enzi zao, ya kale ni dhahabu. Jibu hilo linapendeza masikioni, lakini linakosea chanzo, na anayekosea chanzo hununua vibaya na kupanga vibaya.

Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania bidhaa hizi hazikuondoka hata zihitaji kurudi. Ukipita Mwanjelwa au Kabwe jijini Mbeya, Miyomboni pale Iringa, au kwenye magulio ya Makambako na Tunduma, utakuta betri za simu iliyotoka mwaka 2003, bobini za cherehani ambayo mchoro wake una zaidi ya karne, na chupa za ndani za termosi zikiuzwa peke yake. Hoja yangu ni kwamba bidhaa ya zamani hudumu pale vipuri vyake vinapokuwa vimegeuka kipimo cha wote: viwanda vingi vinavitengeneza, kila gulio linaviuza, na fundi wa kawaida anavijua kwa vidole bila kufungua kitabu. Ugumu wa chuma unasaidia, na mapenzi ya zamani yapo, lakini vyote viwili vinafuata nyuma ya hilo.

Tuanze na simu, kwa sababu ndiyo inayotajwa zaidi. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 na ikauzwa takribani vipande milioni 250. Iliundwa ikiwalenga watu wa mazingira kama ya kwetu: vitufe vya mpira wa kipande kimoja ili vumbi lisipenye, ubavu usioteleza mkononi, tochi kichwani, na chaji ambayo mtengenezaji aliitangaza kukaa hadi saa 400 simu ikiwa haipigi wala kupokea. Ndani yake kulikuwa na betri ya BL-5C, ya volti 3.7 na mAh 850 (kipimo cha chaji inayoweza kubeba), baadaye 1,020. Ina urefu wa sentimita 5.3, upana wa sentimita 3.4 na unene usiofika milimita 6. Wengi wanaikumbuka simu, lakini kilichoshinda ni betri. Viwanda vya China viliichukua kama ilivyo vikaiweka kwenye redio ndogo za kusoma memori kadi, spika za mkononi, tochi na simu za majina mengine chungu nzima. Kwa hiyo muuza vifaa wa Kabwe anayeagiza boksi la BL-5C hategemei wenye Nokia 1100 peke yao. Anamuuzia mkulima wa mpunga wa Rujewa mwenye redio ya kubeba shambani, fundi ujenzi mwenye spika, na mama wa genge mwenye kitochi cha juzi. Simu ikifa, betri inahamia kwenye redio. Redio ikidondoka na kuvunjika, betri inarudi kwenye simu. Soko la namna hiyo halifi kwa sababu chombo kimoja kimepitwa na wakati.

Kwa kuwa betri hii imo mikononi mwa watu wengi, inafaa kusemwa wazi jinsi ya kuichagua. BL-5C iliyo nzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Nyepesi sana kuliko hapo mara nyingi ina uwezo mdogo kuliko ulioandikwa, hata kama lebo inasema mAh 1,020. Iweke juu ya kioo au meza iliyonyooka uizungushe kwa kidole: ikizunguka kama pia, tumbo lake limevimba na haifai kuchajiwa tena. Multimita ikisoma volti 4.2 imejaa, ikisoma chini ya 3.0 baada ya kukaa bila kutumika, iogope, kwani hata ikipokea chaji huenda isiishike. Ina vituo vitatu vya shaba: cha chanya, cha hasi, na kimoja cha kuijulisha simu aina ya betri. Redio nyingi za bei rahisi zinatumia viwili tu. Ndiyo maana betri inaweza kuimba kwenye redio huku simu ikiikataa, na mwenye simu akadhani simu imeharibika. Mara nyingi dawa ni kufuta vituo hivyo kwa kifutio cha penseli, kisha kuinua kidogo vile vichipukizi vya simu vilivyolala. Kuhusu chaja ya kobe, ile ya kubana betri nje ya simu, itumike mtu akiwa macho, betri ikiwa mbali na godoro, kwa sababu nyingi hazikati umeme kwa uhakika betri inapojaa.

Sasa tazama kilichofanyika 2017. Simu ya 3310 mpya ilirudi na sura ya mviringo, rangi za kuvutia na mchezo wa nyoka, lakini betri yake ni BL-4UL ya mAh 1,200, isiyoingia mahali pa BL-5C. Betri inatoka, hilo ni jema. Tatizo ni kwamba sura ndiyo iliyorudishwa, kipimo hakikurudi nayo. Mwenye simu hiyo Ludewa au Ileje akiharibikiwa na betri ataitafuta kwa shida, wakati jirani yake mwenye kitochi cha bei chee anaipata ya kwake kwenye duka linalouza sabuni na chumvi. Anayeamini kwamba watu wanapenda zamani hawezi kueleza tofauti hiyo. Tena tusiifanye Nokia ya miaka ile malaika: ilianza na chaja ya pini nene, ikahamia pini nyembamba, na kwa miaka kadhaa kila nyumba ikawa na chaja mbili zisizosaidiana. Walioziba pengo hilo ni wauza vifaa, kwa kale kakipande ka kubadilisha pini.

Cherehani inaeleza jambo hili kwa undani zaidi kuliko simu. Umbo linaloitwa daraja la 15 la Singer ni la mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Japani vililifanya kuwa umbo lao la pamoja, na baadaye China ikafuata; cherehani ya Butterfly JA2-1 ya Shanghai, nyeusi yenye maua ya dhahabu, ni mjukuu wake halisi. Matokeo yake ni kwamba bobini yenye kipenyo cha milimita 20 na kimo cha milimita 11.7, na sindano ya HA×1, vinaingia kwenye mashine za nchi tatu zilizotengenezwa kwa miongo tofauti. Fundi wa Uyole anayeshona sare za shule Januari hajali mashine yake ilizaliwa wapi. Anajali kwamba sindano namba 14 kwa kitenge na namba 16 kwa kaki zipo dukani, na kwamba bobini ikipindika ananunua nyingine hapohapo. Kinachowakwamisha wengi ni sindano ya mashine ya kiwandani, DB×1, yenye shina la mviringo, inayouzwa kwenye pakiti inayofanana. Ikilazimishwa kwenye cherehani ya nyumbani haikai kimo chake, inagonga ndoano, na siku hiyo kazi imekwisha.

Mambo mengine yanayoitwa ubovu wa cherehani ya zamani ni ya kurekebishwa mezani. Uzi ukitengeneza vitanzi chini ya kitambaa, tatizo liko juu: uzi haukuingia vizuri kati ya visahani vya kubania, au mguu ulikuwa haujashushwa. Sindano ikae mfereji wake mrefu ukielekea upande uzi unakoingilia. Ikigeuzwa, mashine inaruka mishono. Mkazo wa bobini unapimwa kwa kuning'iniza kikombe chake kwa uzi: kibaki pale, na ukikitingisha kidogo kishuke sentimita chache tu. Kikiporomoka, kaza kiskrubu cha kikombe kwa robo mzunguko, si zaidi. Mkanda wa ngozi ukilegea, unakatwa sentimita moja na kuunganishwa tena kwa ile waya yake. Mafuta yawe ya cherehani. Anayetia mafuta ya kupikia atayaona yakiganda kuwa gundi, na hasa huku kwenye baridi mashine inakuwa nzito hadi mtu anaamini vyuma vimekwisha, kumbe inahitaji kusafishwa kwa mafuta ya taa na kutiwa mafuta upya.

Kuna chombo kingine ambacho wachambuzi wa Dar es Salaam hawakitaji, labda kwa sababu kule joto haliwaruhusu kukihitaji. Ni mashine ya mkono ya kufumia masweta. Makete, Njombe, Mufindi na vilima vya Mbeya, mtoto haendi shule bila sweta kati ya Juni na Agosti, na sehemu kubwa ya masweta hayo hufumwa na akina mama kwenye mashine za kulala mezani za aina ya Brother ya Japani au za kuigwa kutoka China. Brother yenyewe imekwisha kuacha kuzitengeneza. Mashine ya kawaida ina sindano 200 zilizopangwa kwa nafasi ya milimita 4.5, na kila sindano inatoka peke yake. Humo ndimo ulimo uhai wake. Ukiona kwenye sweta mstari wa mishono iliyoachia ukipanda wima pahali palepale, kilimi cha sindano moja, kile kidogo kinachofunga ndoano yake, kimepinda. Unaitoa ile moja, unaweka nyingine, kazi inaendelea.

Adui mkubwa wa mashine hiyo ni sponji. Juu ya sindano kuna ukanda wa chuma wa takriban mita moja wenye kipande cha sponji cha upana wa sentimita moja hivi, kazi yake kuzilaza sindano zisinyanyuke. Sponji hulala na kufa hata mashine isipotumika. Ikishalala, sindano zinanyanyuka, kile kipande kinachosukumwa kushoto na kulia kinazigonga, kinakwama, na mfumaji asiyejua anatumia nguvu. Anavunja vilimi kumi kwa mara moja. Mashine nyingi zilizotupwa stoo kama mbovu zina kasoro hiyo tu. Chomoa ukanda kwa upande, kwangua gundi na mabaki ya zamani, bandika sponji mpya iliyokatwa sawa, rudisha ukanda juu ya sindano huku ukizikandamiza kwa kiganja. Lakini hapa pia kipimo kina mipaka yake: sindano ya Brother haiingii kwenye Silver Reed ingawa zote ni za nafasi ya 4.5. Kikundi kilichopewa mashine za makampuni mawili tofauti hakiwezi kuazimana sindano, na mashine moja ikikwama inabaki imekwama.

Naweza kutaja mifano mingine kwa haraka. Termosi ya China yenye chupa ya kioo inadumu kwa sababu chupa ya ndani inauzwa peke yake na kitako cha chini kinafunguka; hufa kwa kumiminiwa maji yanayochemka ikiwa ya baridi asubuhi ya Julai, au kwa kile kichunusi cha chini kuvunjika na ombwe kutoka. Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94, kwa hiyo chai inaanza safari ikiwa imepoteza joto tayari, na termosi iliyopoteza ombwe inajulikana kabla ya saa nne. Baiskeli ya Phoenix ya inchi 28 haina kazi kubwa kwenye miteremko ya Tukuyu, lakini kwenye tambarare za Kyela na Mbarali inabeba mpunga kila siku, kwa kuwa tairi, rimu na goroli zake zinatengenezwa India na China kwa kipimo kilekile. Baiskeli za gia za mtumba ni nzuri zaidi kuendesha, lakini gia ikivunjika kila moja inataka kipuri chake.

Turudi kwa wanaopinga. Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kumbukumbu za ujana. Kijana wa miaka 20 anayenunua kitochi Mafinga hakuwahi kumiliki Nokia 1100. Ilipotoka alikuwa hajazaliwa. Mfumaji wa Makete hana kumbukumbu yoyote ya Japani ya miaka ya 1970. Kumbukumbu zinaeleza kwa nini kampuni ya Ulaya inapaka simu yake rangi za zamani na kuiuza kwa watu wenye simu nyingine mfukoni. Hazielezi kwa nini muuza duka wa kijijini anatumia mtaji wake mdogo kuweka akiba ya betri za muundo wa 2003. Muuza duka hanunui hisia. Ananunua kitu kitakachotoka rafuni kabla ya mwisho wa mwezi.

Hoja ya umaskini ina uzito zaidi. Ni kweli kwamba bei ndiyo inayomfanya mtu aanze na kitochi au cherehani ya kukanyaga. Lakini bei ya kuanzia haielezi kubaki. Mafundi wengi walionunua cherehani za umeme hawakuuza za miguu, kwa sababu umeme ukikatika sare za watoto bado zinadaiwa Jumatatu. Watu wengi wenye simu janja wana kitochi pembeni kwa ajili ya laini ya pesa. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, iliijenga juu ya menyu ya kubonyeza *150*00#, ambayo simu yoyote inaifungua, na mitandao mingine ikaenda njia hiyohiyo. Menyu hiyo nayo ni kipimo cha wote. Kitochi kingepoteza nusu ya thamani yake kama kutuma pesa kungehitaji programu ya simu janja. Tajiri na maskini wananufaika na kitu kinachotengenezeka. Tofauti ni kwamba maskini hana njia ya pili.

Hoja inayonipa shida, na inayostahili kuheshimiwa, ni ya wale wanaosema tunaona vilivyobaki tu. Cherehani mia zilipoingia wilaya fulani, tano zilizobaki hazithibitishi kwamba vitu vya zamani vilikuwa imara, zilizokufa hazionekani. Ni kweli kabisa. Redio za National zilizotengenezwa na kiwanda cha Matsushita Dar es Salaam zilikuwa kila nyumba yenye uwezo kidogo, na leo nyingi zimenyamaza: kapasita zimekauka, kamba ya kutafutia stesheni imekatika, betri kubwa zilizosahaulika ndani zimevuja na kula chemchemi. Hata BL-5C ninayoisifu ina doa. Agosti 2007 Nokia ilitoa tahadhari juu ya betri milioni 46 za aina hiyo zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, baada ya matukio 100 hivi ya kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Ubora wa zamani, basi, si hoja ninayoitegemea. Lakini angalia hoja yao inapoishia: kama vilivyobaki ni vichache kati ya vingi, kwa nini waliobaki ni wa makundi yaleyale? Kwa nini cherehani za daraja la 15 na si zile zilizokuwa na bobini ya umbo la kipekee? Bahati ingegawanya waliosalia ovyo. Haikufanya hivyo.

Kuna pia wanaosema vipuri vya kuigwa ndivyo vilivyoharibu soko, na kwamba kusifu kipimo cha wote ni kusifu feki. Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili. Bobini iliyotengenezwa na kiwanda kingine kwa vipimo sahihi ni kipuri mbadala. Betri ya mAh 500 yenye lebo ya 1,020 ni udanganyifu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu zenye namba za utambulisho (IMEI) zisizo halali, na waliokuwa wamenunua kwa kuangalia sura peke yake waliamka na simu zisizoshika mtandao. Kubonyeza *#06# na kulinganisha na maandishi yaliyo chini ya betri kungewaokoa wengi. Pale nchi ilipoamua kudai kipimo kifuatwe kwa uaminifu, iliweza. Betri, sindano na chupa za termosi zinastahili ukali uleule kutoka TBS, shirika la viwango, hasa uwezo wa betri unaoandikwa kwenye lebo.

Mfano unaoweza kuiangusha hoja yangu ni kandili. Hakuna chombo kilichokuwa rahisi kutengeneza kuliko kandili: kioo, utambi na kichomeo vilipatikana kila duka, kila mtu alijua kukata utambi uwake bila moshi. Kwa kipimo changu ingepaswa kuwapo hadi leo. Haipo, au imebaki kwa wachache, na sababu iko kwenye matumizi ya kila siku. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli, na taa za LED zenye sola ndogo zikawa zinashuka bei. Kandili ikawa inatengenezeka vizuri lakini inakula fedha kila jioni, tena ikiwapa watoto moshi. Iliondoka kwa haki. Kwa hiyo kipuri cha wote kinakilinda chombo ikiwa tu gharama ya kukitumia haijapitwa sana na kingine. Cherehani ya miguu haitumii mafuta, termosi haitumii umeme, kitochi kinachajiwa mara moja kwa siku kadhaa. Atakayetumia hoja ya kutengenezeka kutetea chombo kinachokula kuni au mafuta bila sababu ameichukua nusu.

Kandili inatuonyesha jambo jingine pia: uhai wa chombo unaweza kuamuliwa na watu ambao hawajawahi kukigusa. Redio nyingi za zamani ziliundwa kwa masafa ya kati na mafupi, yaliyokuwa yakitumiwa na Redio Tanzania. Stesheni zilipohamia FM, redio isiyo na FM ilikosa cha kusikiliza hata kama kila kipuri chake kilikuwa kizima. Kitochi kiko kwenye hatari hiyohiyo kupitia 2G, mtandao wa simu wa kizazi cha zamani kinachoutegemea. Australia na Singapore zilikwisha kuzima wao, na huko Nokia 1100 iliyo nzima kabisa haipigi simu. Siku mjadala huo utakapofika hapa kwa uzito, hesabu isifanywe kwa kuangalia Dar es Salaam na Mbeya mjini. Iangalie vijiji vya Makete, Ludewa na Ileje, ambako kitochi ndicho benki. Kuzima 2G kabla ya kuwapo simu ya 4G ya bei ya kitochi, yenye betri inayouzwa dukani kijijini, ni kuwafungia watu akaunti zao. Nokia 3210 ya 2024 ni ya 4G na betri yake ya mAh 1,450 inatoka, kwa hiyo jambo hilo linawezekana kiufundi. Lililobaki ni betri hiyo iwe ya kipimo ambacho viwanda vingi vinakitengeneza.

Hapa ndipo kukosea chanzo kunapotugharimu sasa hivi, bila kungoja mjadala wa 2G. Halmashauri zetu zinakopesha asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na cherehani na mashine za kufuma ni miongoni mwa mambo ambayo vikundi huomba. Anayeamini kwamba ubora ni upya atanunua cherehani yenye mishono 30 ya kompyuta, na sakiti ikiungua Ludewa, mkopo unabaki na mashine haipo. Anayeamini kwamba ubora ni uzee atanunua Singer kuukuu yenye shafti iliyolika. Swali la kuuliza ni moja kwa wote wawili: sindano, bobini na mkanda wake vinauzwa wapi, na mafundi wangapi wa wilaya hii wamewahi kuifungua? Vyuo vya ufundi vya VETA vya Mbeya na Iringa vinaweza kuwafundisha vijana kufungua, kusafisha na kurekebisha mashine za daraja la 15 na mashine za kufuma, kazi ambayo haihitaji maabara ya gharama. Inahitaji mashine mbovu za kutosha na mwalimu anayezijua.

Na zabuni ziandike kipimo badala ya jina la kampuni. Kwa cherehani: sindano HA×1, bobini daraja la 15 ya chuma, iweze kuendeshwa kwa miguu hata kama ina mota. Kwa mashine ya kufuma: sindano 200 za nafasi ya milimita 4.5, mashine zote za kikundi ziwe za mfumo mmoja wa sindano, na ziletwe na sindano 20 za akiba kwa kila moja pamoja na sponji ya kubadilisha mara mbili. Gharama ya akiba hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na mashine yenyewe. Iingizwe kwenye mkopo tangu siku ya kwanza, kwa sababu kikundi kinachokwama mwezi Mei, masweta yakiwa yameagizwa na baridi iko mlangoni, hakina muda wa kuandika barua ya kuomba fedha za sponji.